Friji linaunguruma ila haligandishi, na waranti niliyolipia wanasema haihusiki

"Habari fundi, mi niko Lindi mjini. Mwaka juzi msimu wa korosho tulipopata hela za mnada mume wangu akaninunulia friji la milango miwili kwa 1,350,000, yule kijana wa dukani akatuambia tuongeze 180,000 tupate waranti ya miaka mitatu, akasema mama hata likifa nini mnaleta tu mnabadilishiwa. Tukalipa. Sasa lilipofika mwaka mmoja na miezi minane likaanza kutogandisha, taa inawaka, nyuma linaunguruma kutwa nzima ila hata maji hayapoi. Nikaita fundi wa mtaani akajaza gesi kwa elfu sitini, likagandisha kama wiki tatu likarudi vilevile. Kwenda dukani wananiambia limeunguzwa na umeme, umeme haupo kwenye waranti, nikibisha nilipeleke Dar kwa gharama zangu likapimwe. Na friji lina stika kubwa imeandikwa miaka 10! Mimi nalitumia kuuzia barafu na juisi ya ubuyu hapa nyumbani, ndo hela ya madaftari ya watoto. Hivi nimeibiwa au ndo waranti zilivyo? Nifanyeje?"

Pole dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza kama fundi na mara ya pili kama mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza, maana kabla sijarudi Mtwara kufungua kibanda changu nilikaa Dar miaka kadhaa kwenye sevisi senta, na kazi yangu ilikuwa hiyohiyo, kupokea mafriji ya waranti, kuyapima na kuandika inahusika au haihusiki. Kwa hiyo najua kalamu inavyotembea pale.

Kwenye maneno yako kuna mambo mawili yamefungwa fundo moja, friji limekufa na nini, na karatasi uliyolipia inasema nini. Duka limekujibu la pili kwa kutumia la kwanza, na hilo la kwanza wamelikosea, tuanzie hapo.

Aliyekuambia ni umeme hakulisikiliza hilo friji. Umeme ukiua friji una namna zake za kuua. Umeme ukikatika na kurudi ndani ya sekunde chache, kompresa, ile mota ya nyuma inayosukuma gesi, inataka kuwaka tena wakati presha ya gesi ndani ya mabomba haijashuka, inakuwa kama baiskeli ya mizigo unayoianzisha katikati ya mlima, inavuta umeme mwingi kupita kiasi, inagoma, kale kakifaa kanakoilinda kanakata, unasikia "ta!", baada ya muda inajaribu tena, "ta!". Likiendelea hivyo siku moja rilei, kile kifaa cha kuiwasha kompresa, inaungua au waya za ndani ya kompresa zinaungua, na hapo friji linakuwa kimya, taa inawaka lakini nyuma hakuna kitu. Umeme mdogo nao, ule wa jioni taa zinakuwa nyekundu, unaipasha mota mpaka inaiva. Na umeme ukirudi kwa nguvu kinachoanza kwenda ni bodi, kile kibao cha saketi, hasa kwa haya mafriji ya inveta yenye kompresa ya kubadilisha kasi, ukifungua unakuta pameungua pana masizi na harufu unaisikia.

La kwako linaunguruma kutwa nzima. Maana yake kompresa inazunguka, waya zake ni nzima, bodi kama ipo inatoa umeme. Linafanya kazi ila hakuna linachokisukuma, au kipo kidogo. Halafu umenipa ushahidi mwingine bila kujua, fundi alijaza gesi likagandisha wiki tatu. Kitu kilichoungua hakiponi kwa gesi. Hiyo ni gesi inavuja dada, sijaliona friji lako lakini kwa dalili hizo niko radhi kuweka soda mezani.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Lichomeke nusu saa tu, weka kiganja kwenye ubavu wa friji kwa nje, kulia na kushoto. Mafriji mengi ya siku hizi bomba la kutoa joto limefichwa humo kwenye bati la ubavu, friji zima likifanya kazi panakuwa na vuguvugu la kutosha kuhisi. Kama pa baridi kama ukuta na kompresa inanguruma, kuna uwezekano mkubwa gesi haipo. Kama kwenye frizi kuna kipande kidogo tu cha barafu kona moja na kwingine kukavu, gesi imebaki kidogo. Ukishapima lichomoe na uliache limechomolewa, nitakuambia kwa nini.

Gesi ya friji haiishi. Hapa ndo watu wengi wanakosea, na mafundi wengine wanawaacha wakosee maana kuna hela ndani yake. Sio kama gesi ya kupikia unayochoma ikaisha, hii inazunguka humo humo miaka yote, ikipungua ina tundu ilipotokea. Fundi aliyejaza bila kutafuta tundu amejaza ndoo inayovuja, na elfu sitini yako imetoka kwa tundu hilohilo. Simlaumu sana, mtaani mteja anasema "jaza tu mwanangu likagandishe", na ukimwambia inabidi kulibakiza siku mbili kutafuta tundu anaenda kwa jirani yako.

Tundu liko wapi? Sijui mpaka lipimwe, ila kwetu huku pwani adui ni chumvi. Upepo wa bahari unakula chuma, na chini nyuma pale kwenye kompresa, penye kile kisahani cha maji yanayodondoka, pana unyevu muda wote, mabomba ya chuma pale yanaota kutu kuliko ya mtu wa Nachingwea huko mbali na bahari. Sehemu ya pili ni ule mviringo wa bomba unaozunguka fremu ya mlango. Na ya tatu, naomba usinikasirikie, ni kisu. Kuna siku ulibandua barafu kwenye frizi kwa kisu au bisibisi? Anayeuza barafu ana haraka, naelewa, lakini ile sahani ya frizi ni alumini laini, kisu kikipenya umesikia "fsss" ndo basi. Kama ni kisu, waranti za kawaida hazikubali, na bora ulijue hilo kabla hujaenda kugombana na mtu.

Sasa twende kwenye karatasi.

Watu tunapolipa hiyo nyongeza kichwani tunakuwa tumenunua kitu kimoja, kwamba friji likifa kwa sababu yoyote nalipwa. Hiyo ingekuwa bima, na hata bima ina masharti yake. Waranti ni ahadi ndogo zaidi, inasema tukiwa tumekosea sisi kiwandani tutarekebisha. Kwa hiyo swali lao kila mara sio "limeharibika?", swali lao ni "kosa la nani?". Umeme sio kosa la kiwanda, kisu sio kosa la kiwanda, kutu ya baharini watabishana nayo mpaka jioni. Na ukiangalia mafriji yanayokufa huku Kusini mengi yanakufa kwa hayo hayo. Miaka mingi Mtwara na Lindi tumewashiwa na mitambo ya gesi ya hapa hapa, nje ya gridi ya taifa, mtambo mmoja ukikohoa mikoa miwili ilikuwa inalala gizani, na gesi yenyewe inatoka Mnazi Bay mlangoni kwetu, basi tu. Ile 180,000 ilinunua kinga ya ugonjwa usio wa kwetu, malaria ya kwetu ikaachwa nje.

Stika ya miaka 10 nayo isikutie moto. Isome vizuri, mara nyingi chini yake kwa maandishi madogo kuna neno kompresa. Ni miaka 10 ya kompresa peke yake kama kifaa, haihusu gesi, bomba wala bodi, na mara nyingi hata kazi ya fundi kuibadilisha unalipia. Na kompresa yako inazunguka. Hiyo stika kwa shida yako haina kazi.

Miaka mitatu pia ihesabu upya. Wengi wanaiuza kama nyongeza ya miaka mitatu kumbe inaanza siku uliyonunua, na ule mwaka wa kwanza tayari ulikuwa na waranti ya kiwanda ya bure. Ikiwa hivyo umelipia miaka miwili. Kwako bado uko ndani ya muda kwa hesabu yoyote, hilo ni zuri.

Kuna sehemu mbili ambazo duka halijakuambia na mimi ningekuwa upande wao ningezitumia, kwa hiyo bora uzisikie kwangu. Ya kwanza ni yule fundi wa mtaani. Ili ajaze gesi ni lazima alikata au kutoboa bomba, na mara nyingi kulehemu, na karibu kila waranti ina mstari unaosema mfumo ukifunguliwa na fundi asiyetambulika waranti imekufa. Wakiliona hilo bomba limelehemiwa juu juu hawana haja tena ya hadithi ya umeme. Ya pili ni barafu na juisi ya ubuyu. Friji la nyumbani waranti yake ni ya matumizi ya nyumbani, ukilifanyia biashara mstari mwingine unakukata. Sikuambii ukadanganye, nakuambia uusome huo mstari kama upo kwako, maana sio karatasi zote zinao, na kuuza vikombe kumi vya juisi kibarazani sio sawa na bucha.

Umeibiwa? Jibu langu la kweli, karatasi pengine haijakuibia, mdomo wa yule kijana ndo umekuibia. Alivyosema "hata likifa nini mnabadilishiwa" alikuuzia kitu ambacho hakikuandikwa. Wale vijana wengi wanapata chochote kwa kila waranti wanayouza, na faida ya dukani kwenye friji lenyewe sio kubwa kama watu wanavyodhani, kwenye waranti ndo kuna nyama. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndo inapokea malalamiko ya namna hiyo. Kuna pia sheria ya mauzo ya bidhaa inayodai kitu ulichouziwa kiwe na ubora wa kuuzika na kifanye kazi kiliyouziwa, na hayo hayafutwi na mhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi". Ila tuwe wakweli, maneno ya mdomo ni magumu kuyathibitisha, na bomba kuvuja baada ya miezi ishirini sio sawa na friji lililofika na ubovu. Shahidi wako ni mume wako tu, labda kama mlichati na duka WhatsApp, hiyo meseji ipo? Itafute.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Leo leo tafuta risiti ya EFD, kadi ya waranti ya kiwanda na ile karatasi ya nyongeza, zipige picha zote kabla maandishi hayajafutika, zile risiti za mashine zinafifia kwa joto la huku, ukija kuzitafuta mwakani unakuta karatasi nyeupe. Kwenye karatasi ya nyongeza angalia chini kabisa ni nani anayeahidi. Kama ni duka, shughuli yako na duka. Kama ni mwagizaji wa Dar, mpigie yeye moja kwa moja, duka linaweza kuwa halijamwambia kabisa. Kama limeandikwa jina la kampuni ya bima hapo mchezo umebadilika, hiyo ni bima na inasimamiwa na TIRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia bima, unadai kwa kampuni yenyewe kwanza kwa maandishi, wakikuzungusha kuna TIRA na kuna ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya bima.

Halafu rudi dukani, bila kelele, mwambie mwenye duka sio kijana, kwamba unaomba sababu ya kukataliwa kwa maandishi, yenye jina la fundi aliyepima, siku aliyopima na alichopima. Usiombe zaidi ya hapo. Neno "umeme" ni jepesi kulisema na gumu kuliandika, kwa sababu kuna vipimo vyake. Kompresa ina pini tatu, fundi anaweka multimita, kile kipimo cha umeme, anasoma waya kama zimeungua au nzima, dakika mbili kazi imeisha. Wakiandika zimeungua wakati kompresa inazunguka wamejifunga wenyewe. Kwenye sevisi senta nimeona mafaili kibao yakibadilika kutoka haihusiki kwenda inahusika siku mteja alipoomba karatasi tu, na mengine hayakubadilika kwa sababu ilikuwa kweli haihusiki, basi.

La kupeleka Dar usilikubali haraka. Soma kama karatasi inasema nani anabeba gharama ya usafiri, mara nyingi haisemi, na isiposema wewe pia una haki ya kubisha. Kutoka Lindi ni kilomita 450 hivi, mwaka 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara pale Somanga nilikuwa na mafriji ya watu yamekwama huko siku nyingi. Na ukilazimika kulisafirisha, lisimame wima safari nzima. Likilazwa mafuta ya kompresa yanatiririka kwenye mabomba, likifika huko wanakuambia limeharibikia njiani, hapo sasa hata mimi siwezi kukutetea.

Ukiona huwezi mzigo wa kuandika na kufuatilia peke yako, wasaidizi wa kisheria wapo wilayani, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii pale halmashauri watakuelekeza, wanaandika barua nzuri kuliko mimi na wewe.

Sasa upande wa pili wa mizani, kulitengeneza kwa hela yako. Sitakuficha, kwa vile mfumo umeshafunguliwa, nafasi yako ya kushinda waranti naiona nusu kwa nusu au chini ya hapo. Piga hesabu, siku unazokaa bila kuuza juisi nazo ni hela. Kama mwenye duka hajatoa karatasi ndani ya wiki mbili tatu, mi ningetafuta fundi mzuri nikatengeneza, na malalamiko yakaendelea FCC kudai hela ya waranti yenyewe, ile 180,000 kwa kupotoshwa. Ila kabla hujatengeneza hakikisha una picha na video ya friji likinguruma, na maandishi ya fundi ya alichokikuta, ushahidi ukishalehemiwa umekwenda.

Fundi mzuri utamjua kwa maswali. Muulize gesi gani inaingia. Nyuma ya friji kuna kibati kimeandikwa aina ya gesi na gramu zake, mafriji mapya mengi ni R600a na ujazo wake ni gramu chache, hamsini sitini hivi, inapimwa kwa mizani sio kwa kukadiria. Mpigie na yule wa kwanza umuulize alijaza nini, maana wengi wana mtungi mmoja tu wa R134a wanaweka kila friji, hizo ni gesi mbili tofauti na mafuta yake ya kompresa hayapatani, friji linagandisha siku mbili tatu unafurahi huku kompresa inakufa taratibu. Kama ndo alichofanya mfumo usafishwe wote na filta ya kunyonya unyevu ibadilishwe. Fundi mzuri atajaza naitrojeni kwanza kupima presha atafute tundu kwa povu la sabuni, akiziba atavuta vakyumu, yaani kutoa hewa yote ndani ya mabomba, ndo ajaze. Akikuta tundu liko ndani ya ukuta wa friji penye povu gumu hapafunguki, kuna ujanja wa kuliacha hilo bomba na kufunga kondensa mpya, lile bomba la kutoa joto, nyuma kwa nje, haipendezi machoni ila nimezifunga nyingi huku Mtwara, Shangani na Mikindani, zinadunda.

Hapo usijaribu mwenyewe wala usimruhusu mtu wa kujifunzia. R600a inawaka moto kama gesi ya jikoni. Kulehemu bomba ambalo bado lina gesi, ndani ya chumba kimefungwa, jiko la mkaa liko pembeni, ni hatari. Litolewe nje penye hewa, watoto mbali.

Na ile sababu ya kulichomoa. Friji la R600a upande wa frizi presha yake ikifanya kazi iko chini kuliko ya hewa ya nje, kwa hiyo tundu likiwa upande huo halitoi gesi tu, linavuta hewa ndani, na hewa ya Lindi unaijua ilivyo na maji. Yale maji yanaganda kwenye kale kabomba kembamba na yanakula kompresa kutoka ndani. Juu ya hapo kompresa inapozwa na gesi inayorudi, ikizunguka kavu kutwa inajichoma. Kila siku unayoliacha linanguruma ukitumaini litapoa unageuza kazi ya kuziba tundu kuwa kazi ya kununua kompresa, na siku hiyo ikiungua wale wa dukani watakuja kupima na watakuwa wamepatia.

Likishapona liwekee frijigadi, ile ya kuchelewesha umeme ukirudi, dakika tatu mpaka tano zinatosha presha kushuka. Haigharimu hata nusu ya hiyo waranti. Umeme wenu ukiwa unashuka sana jioni basi stabilaiza ya kusawazisha umeme, ila usinunue ndogo kuliko kompresa, ulizia fundi akusomee kibati. Lisogeze mbali na ukuta kiganja kimoja, na upande usiopigwa na upepo wa baharini, kile kisahani cha nyuma ukikaushe kila wiki na kitambaa. Barafu iyeyushe kwa kulizima na kuweka bakuli la maji ya moto ndani, kisu kiache jikoni.

Nitumie picha ya kibati cha nyuma na ya ile karatasi ya nyongeza, pande zote mbili, hasa ule wa maandishi madogo. Na uniambie ukweli kuhusu kisu.